Ruta ya Antena Mbili

Nachingwea,
8 Juni 2009

Mume wangu wa kwa mjomba, Rahimu,

Asalaam aleikum. Huko Ruangwa mnaendeleaje? Mjomba miguu yake vipi, ile ganzi imepungua? Sisi huku wazima. Watoto wanakohoa kidogo kwa hili vumbi, lakini kula wanakula, sufuria hairudi na kitu.

Barua hii nimempa Eusebio, kondakta wa basi la asubuhi, akukabidhi mkononi, asiiache tu dukani kwako. Simu siwezi kupiga. Yangu aliichukua Shaban ya kwake ilipoibiwa, mpaka leo anatembea nayo, na hili ninalokuandikia Shaban hatakiwi kulijua. Namsema mume wangu wa ndoa. Wewe ni wa maneno tu, tulia.

Shida yangu ni hii. Tangu mwaka juzi Shaban analala huko kwenu siku tatu, siku nne kwa wiki. Anasema ni ufuta. Matajiri wake wa Dar wanamtumia bei kwa barua pepe, bei inabadilika asubuhi na jioni, na hapa kwetu duka la intaneti limefungwa, mwenyewe kahamia Masasi. Kwa hiyo lazima alale Ruangwa kwenye mtandao. Sikatai, ufuta ndio unatulisha. Lakini Rahimu, mwaka jana mwezi mzima wa Ramadhani kafuturu hapa siku tisa. Nilihesabu. Watoto wananiuliza baba anakula wapi. Nimechoka kukaa mkekani na bakuli lake limefunikwa pembeni.

Sasa jirani yangu Mwalimu Auleria, yule aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, kaniambia siku hizi kuna kidude kinaitwa ruta. Unakiweka ndani, nyumba nzima inapata intaneti, bila waya. Nikamuuliza, bila waya inapita wapi? Hewani. Hewa ya ndani au ya nje? Akacheka, akasema si una binamu fundi wa kompyuta, muulize. Ndiyo nakuuliza. Inataka dishi kama la televisheni? Inakula vocha? Umeme ukikatika inakumbuka ilipoishia? Na ipo ya bei ya mtu kama mimi? Nina akiba yangu ya korosho, si nyingi.

Nataka kabla ya Ramadhani iwe hapa mezani. Ile kompyuta yake ya kufunguka kama kitabu anayo, kinachokosekana ni mtandao tu. Ukiwepo nyumbani, Shaban atakuwa na sababu gani ya kulala kwingine?

Mkeo usiyemlisha,
Biasha


Ruangwa,
13 Juni 2009

Mke wangu Biasha, uliyenikimbia ukaolewa na mnunuzi wa ufuta,

Waaleikum salaam. Mzee yupo, ganzi imepanda magotini lakini mdomo haujaguswa. Anauliza lini unarudi kwa mumeo halali. Nimemwambia bado unajifunza kupika.

Haya, darasa. Ruta peke yake haina intaneti, kama vile bomba halina maji yake. Kwanza unakuwa na modem, kile kidude kidogo chenye laini ya simu ndani, hicho ndicho kinachokula vocha. Modem unaichomeka kwenye ruta, ruta inaumwaga mtandao chumba hadi chumba. Dishi hakuna. Umeme ukikatika inalala, ukirudi inaamka yenyewe.

Utasema, kwa kompyuta moja si modem tu ingetosha? Ingetosha, lakini nyumba yako naijua. Mtandao unashika kwenye dirisha moja tu, lile la upande wa Chiola, na siwezi kumwambia shemeji asome bei za ufuta amekaa juu ya dirisha. Ruta unaiweka pale dirishani, yeye anajilaza popote.

Lakini usidanganywe na rahisi. Ziko ruta za bei ya kutupa ambazo hazina tundu la modem, zimetengenezwa kwa ajili ya watu wenye simu ya waya ukutani. Ukinunua hiyo umenunua pambo. Yenye tundu nitakuagizia Kariakoo, na ziko mbili. Ya antena moja ni nafuu, inatosha nyumba ya vyumba vitatu. Ya antena mbili ni ya watu wanaotaka kuonekana. Chukua ya moja.

La mwisho, wacha nikupe ukweli ambao wenzako wanakuficha. Shaban huku hana habari na mtandao. Ana mke! Mfupi, mweupe, ana mwanya, na kisamvu chake cha karanga ukikila unasahau njia ya kurudi Nachingwea. Wewe unahangaika na antena mwenzio anahangaika na nazi. Rudi kwangu mapema.

Mumeo mvumilivu,
Rahimu


Nachingwea,
20 Juni 2009

Mume wangu Rahimu, mwongo wa wilaya mbili,

Salaam nyingi. Mjomba mpake mafuta ya ufuta ya moto, asibishe. Hapa wote hatujambo.

Huyo mke mwenzangu mfupi msalimie sana! Mwambie bi mkubwa anasema kisamvu apunguze chumvi, Shaban ana presha. Nimemsomea Mwalimu Auleria akashika mdomo. Alishashangaa tangu alipoona naanza barua na "mume wangu". Nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako, mnaitana mume na mke tangu mnatambaa mpaka mmoja azikwe, na anachokisema hakishikwi hata akikuambia nyumba inaungua. Akauliza, na siku ikiungua kweli? Nikamwambia utaona moshi.

Sasa ruta. Nimekuelewa mpaka kwenye tundu, baada ya tundu nimepotea. Modem inakula vocha, ruta inakula umeme, na kompyuta je? Mbona kila mmoja anakula? Halafu Mwalimu anasema lazima niweke neno la siri, majirani wasiingie. Waingie wapi? Wakiingia inapungua kama maji ya mtungi, au wanatumia tu kama mwanga wa taa? Chumvi wananiomba nawapa, sasa nikifunga hewa wataniona mchoyo. Na ukuta wetu ni wa tofali za udongo. Inapenya udongo, au inapenya saruji tu?

Lakini nimekuamini. Hela iko kwenye bahasha hii, ya antena moja, yenye tundu. Ikitoka Kariakoo niletee kabla ya mwezi mtukufu. Na Shaban akipita dukani kwako, kaza uso.

Mkeo,
Biasha


Ruangwa,
17 Julai 2009

Mke wangu Biasha,

Nimeanza hivyo kwa mazoea, sijui nianzeje vingine. Asalaam aleikum. Mzee hajambo.

Ruta zilifika Jumatatu, mbili, moja ya antena moja na moja ya antena mbili. Yako nikaifungia kabatini. Jumatano akaja Shaban. Akaiona ile ya pili kwenye kioo, akasema ndiyo hiyo hiyo anaitafuta kwa ajili ya nyumbani. Nikacheka moyoni, nikasema jamani, mke anamfichia mume na mume anamfichia mke, wote ruta! Nikamuuzia. Akasema twende ukanifungie. Nikabeba bisibisi yangu nikidhani tunakwenda stendi kupanda basi la kwenu.

Hatukwenda stendi, Biasha. Tulishika njia ya Nambilanje, tukaingia nyumba ya mwisho yenye bati jipya. Akafungua mwanamke. Si mfupi wala si mweupe kama nilivyotania. Ni mrefu, mweusi, hana mwanya wowote, anaitwa Hafidha, anasoma chuo kwa njia ya mtandao na ndiyo sababu ya ruta. Nyuma yake katoka mtoto wa kike, mwaka na kitu, kamrukia Shaban miguuni, "Baba, baba."

Niliifunga. Sijui kwa nini niliifunga. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Shaban katoka nje kana kwamba anaongea na simu, simu yako. Hafidha kaniletea maji, akasema, "Wewe si ndugu yake bi mkubwa? Mpe salamu zangu, mwambie nashukuru kwamba aliridhia." Nikanywa maji.

Haya niliyoandika si utani. Narudia, si utani. Mwezi uliopita nilikuwa natania, sikujua kitu, wallahi. Sasa najua.

Rahimu


Nachingwea,
21 Julai 2009

Mume wangu Rahimu,

Mweh! Safari hii umevuka mpaka, hata mtoto umemzaa! Nimecheka mpaka nimekaa chini. Na bati jipya umeliweka! Ulivyombadilisha kutoka mfupi kuwa mrefu, nikasema huyu kaona nimemzoea yule wa kwanza, kaniletea mwingine.

Lakini mimi si mjinga, nimeusoma ukweli uliojificha humo ndani. Shaban kanunua ruta! Mwenyewe, kwa hela yake, na ya antena mbili! "Kwa ajili ya nyumbani," amesema kwa mdomo wake. Kakuambia ufunge mdomo ili anishtukize, na wewe huwezi kufunga mdomo, ukanitungia Hafidha kunizubaisha. Nimekushika.

Rahimu, sijui nikuambieje nilivyofurahi. Kumbe na yeye anawaza kurudi. Nimehamisha cherehani kutoka dirisha la upande wa Chiola, nimeweka meza ndogo, nimetandika kitambaa cheupe kile cha harusi. Akija naangalia begi. Juzi kaja na sukari na mchele tu. Nadhani anangoja Ramadhani iingie. Nami najifanya sijui, nashona tu.

Yangu ya antena moja basi iache kwanza. Nieleze tu boksi lake lina ukubwa gani, meza isije ikawa ndogo.

Mkeo mwenye raha,
Biasha


Ruangwa,
29 Julai 2009

Biasha,

Asalaam aleikum. Usiweke meza.

Naapa kwa mkono wa baba yangu aliyelala hapa mbele yangu. Sijakutungia mtu. Shaban hakunituma nikufiche kitu. Muulize mwenyewe. Ningekuja huko, lakini mzee sasa hata chooni nambeba, sina wa kumwachia. Hata akili yangu haikai sawa, nikitaka kukuambia kweli natafuta maneno nakuta yote nimeshayatumia kwenye mizaha.

Rahimu


Nachingwea,
5 Agosti 2009

Mume wangu,

Pole kwa kumuuguza mjomba, Mungu amwinue. Ningekuwa karibu ningekusaidia kumgeuza.

Umeapa. Siku ya harusi yangu si uliapa pia, tena mbele ya mashahidi, kwamba Shaban ana mguu wa bandia? Shangazi zangu wakamvua viatu ukumbini, wakamfinya vidole kimoja kimoja! Yule aliyeapa vile leo anataka niamini mtoto na bati.

Ila nikuambie, jana nilikosa usingizi kidogo. Si kwa sababu nimeamini. Ni kwamba nimekuzoea unatania unacheka, na hii ya mwisho sikukusikia ukicheka. Mwalimu Auleria kaisoma mara mbili, kaikunja, kanirudishia, kanishika mkono. Huyo naye mgeni, hajui mambo yetu.

Meza iko pale pale. Acha sasa, umeshinda, umenitisha. Nicheke nilale.

Mkeo,
Biasha


Ruangwa,
19 Agosti 2009

Dada yangu Biasha,

Asalaam aleikum. Natumaini wewe na watoto hamjambo. Baba anakusalimia.

Ile ruta haiji Nachingwea. Nyumba ni ile niliyokuambia, na mtoto ni yule yule.

Nakutakia Ramadhani njema.

Kaka yako,
Rahimu


Nachingwea,
24 Septemba 2009

Rahimu,

Waaleikum salaam, na Idd njema ingawa imepita. Mjomba mpe mkono, mwambie nitakuja kumuona, safari hii kweli. Watoto hawajambo. Mimi nipo.

Utanisamehe kwa kukaa kimya. Barua yako niliifungulia mlangoni, Eusebio hata hajageuza mguu. Neno la kwanza lilitosha. Nina miaka thelathini na nne na hujawahi kuniita dada. Siku tuliyomzika mama uliniita mke wangu, ukakalia mkeka wake ukasema huinuki mpaka ulipwe, watu wakacheka huku wanalia. Nikasema, huyu mtu anaweza kutania kifo lakini hili hawezi kulitania. Hakuna binamu anayejifanya kaka. Nikakaa pale pale kizingitini. Eusebio akauliza kuna msiba? Nikamwambia sijui.

Shaban alikuja kesho yake, usiku wa kuingia mfungo. Nikamwekea maji ya kunawa, nikamuuliza, "Hafidha hajambo?" Hakuniuliza Hafidha gani. Alivua kofia akaishika mapajani, akasema alikuwa anatafuta siku nzuri ya kuniambia. Miaka miwili na nusu, Rahimu, hajaiona siku nzuri! Na yule mwanamke alimwambia nimeridhia ili akubali kuolewa. Nililia, sikufichi. Nililia kwa sauti mpaka Mwalimu Auleria akaja mbio na mwiko mkononi. Ndoa ya pili si ajabu kwetu, baba yangu alikuwa na wake watatu na mama alikuwa akiwaita kwa majina. Kinachoniuma ni hizi siku zote nilizokuwa namwonea huruma kwa kuhangaikia bei za ufuta.

Siku ya tatu akarudi na boksi. Ruta. Ya antena mbili, kama ile ya kule. Akasema dini inamtaka atende haki baina yetu, asije akaulizwa Akhera, kwa hiyo alichompa mwenzangu lazima na mimi nipewe. Nikaanza kucheka, yeye akadhani nimefurahi. Akaifunga mwenyewe dirishani, juu ya kile kitambaa cheupe. Neno la siri sijui ni lipi, sikumuuliza. Siku ambazo hayupo inawaka taa zake za kijani peke yake, na watoto wanaiangalia kama televisheni.

Ramadhani ameigawa. Kafuturu hapa siku kumi na tano, kule kumi na tano, na kwa hilo hakukosea hata siku moja. Mwaka jana nilipata tisa. Nikikaa na kuhesabu, nimepata nilichokuwa nakitaka, na zaidi. Basi mbona naona kama nimeporwa? Nimeizungusha hesabu hiyo kila upande, nimechoka. Bakuli lake silifuniki tena. Akiwepo anakula, asipokuwepo tunagawana.

Hafidha mwambie salamu zake zilifika. Mwambie sikuridhia, maana sikuulizwa, lakini yeye sina neno naye, tumedanganywa na mtu mmoja. Na zile salamu nilizomtumia mwezi wa sita mke mwenzangu wa utani, zile za kucheka, sasa mpelekee. Ya chumvi pia mwambie, ni kweli ana presha.

Ile yangu ya antena moja muuzie mwenye shida nayo.

Na wewe, koma kuniita dada. Nimeelewa, yatosha. Kila nikiliona neno lile moyo unanishtuka kana kwamba nimefiwa upya. Niandikie, hata kesho. Niambie nimezeeka, niambie pilau langu linanuka moshi, niambie Shaban ana mguu wa bandia. Nataka abaki japo mtu mmoja anayenidanganya huku anacheka.

Mkeo,
Biasha